Kidonge cha Asubuhi cha Mjomba

Mjomba wangu, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alivunjwa jiwe la figo la kushoto kwa mawimbi ya mshtuko siku ya Jumanne, akatembea mwenyewe hadi kwenye gari, na jioni akala ugali kwa mlenda nyumbani kwangu Nzuguni huku akisema kwamba kung'olewa jino kunauma kuliko ile mashine. Saa nane za usiku alinigongea mlango akiwa amejikunja, jasho linamtiririka ingawa ilikuwa Julai na baridi ya Dodoma tunaijua. "Mjomba," aliniambia, "huku ubavuni kumejaa."

Tiba hii ilianza kutumika kwa binadamu huko Munich, Ujerumani, mwaka 1980, na sifa yake ni kwamba mtu hachanwi: mawimbi hupita kwenye ngozi, hukutana kwenye jiwe, na baada ya mapigo elfu mbili au tatu jiwe husagika, vipande vikatoka pamoja na mkojo. Tuliambiwa kwamba mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili ni kawaida, na kwamba homa ni ya kukimbiziwa hospitali. Kwa hiyo nilikuwa nimeukagua mkojo wake saa mbili usiku, nikaukuta una rangi ya chai ya rangi iliyopauka, nikajipa moyo.

Kumbe nilikuwa nikitazama mahali pasipohusika. Mawimbi yanaweza kupasua vimishipa vya figo lenyewe, na damu ikikusanyika chini ya utando unaolifunika, haina njia ya kufika kwenye mkojo. Donge dogo hunywewa na mwili taratibu, lakini kubwa huliminya figo, na linaweza hata kupandisha presha. Donge lenye kuleta dalili huwapata wagonjwa wachache mno, chini ya mmoja kati ya 100, na yapo madhara adimu zaidi, kama vile kuumia kwa wengu au kongosho.

Daktari wa zamu alipouliza dawa anazotumia, mjomba alijibu kwamba hatumii dawa yoyote, jibu lile lile alilokuwa ametoa kabla ya matibabu. Ni mkewe aliyesema kwa sauti ya chini: "Na kile kidonge chako cha asubuhi?" Kilikuwa aspirini, aliyoandikiwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya moyo. Kwake yeye dawa ni kitu cha kunywa ukiwa unaumwa, na kidonge kile kilikuwa sehemu ya chai. Aspirini hudhoofisha chembe zinazogandisha damu, na nguvu yake hudumu takriban wiki nzima baada ya kuiacha, ndiyo maana kwa kawaida husimamishwa mapema, kwa ushauri wa daktari wa moyo. Presha ya juu isiyodhibitiwa nayo huongeza hatari, na yake asubuhi ile ilikuwa 170 kwa 100. Simlaumu mjomba peke yake: swali lililosema "kidonge chochote" lingepata jibu tofauti na lililosema "dawa".

Aliongezewa chupa mbili za damu, akalala kitandani siku sita bila kupasuliwa, na kwenye ultrasaundi ya mwezi wa tatu donge lilikuwa limebaki kama punje ya zabibu. Nusu ya jiwe bado ipo. Juzi alipoitwa kuzungumzia namna ya kuliondoa, alitoa mfukoni karatasi ya vidonge iliyokunjwa, akaiweka mezani kabla hata ya salamu.