Siku Moja Maishani Mwangu: Upepo Uliopimwa Kwingine

Ifikapo saa 2 asubuhi huwa nimeshafungua kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa, yaani zile wastani za kasi ya upepo za kila dakika 10 ambazo wengi hudhani zinaweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye hesabu za jengo. Kazi yangu ni kuzirekebisha hadi zieleze upepo utakaolipiga jengo lililo kwingine, na jengo la leo litasimama juu ya mgongo wa kilima.

Saa 3 nagundua kwamba anemomita, yaani kipima kasi ya upepo, ilifungwa mita 6 kutoka ardhini badala ya mita 10 za kawaida. Kwenye uwanja wa nyasi fupi, marekebisho yanaongeza kasi kwa takriban asilimia 10, na kwa kuwa shinikizo hufuata mraba wa kasi, lenyewe linapanda kwa karibu asilimia 20. Hilo linakwisha upesi. Linalonichosha ni upande wa kusini-mashariki, ambako upepo unaonekana kufifia ghafla katikati ya kumbukumbu: haukupungua, bali ghala lilijengwa karibu na mlingoti wa anemomita, hivyo nalazimika kugawa takwimu katika pande 12 za nyuzi 30 na kuurekebisha upande huo peke yake.

Saa 5 mhandisi wa mteja anapiga simu. "Mtaalamu, kituo kiko kilomita 7 tu. Nipe namba moja tumalize." Namweleza kwamba upepo unaokikata kilima unaweza kufika kileleni ukiwa na kasi iliyoongezeka kwa nusu, na shinikizo likazidi maradufu, ilhali ukivuma sambamba na mgongo hauongezeki kwa kiasi cha maana. "Lakini si upepo uleule?" Ananiuliza hivyo mara tatu, nami namjibu mara tatu, hadi anapokubali, bila furaha, kupokea jedwali la pande zote. Paa lisiloezuliwa halimkumbushi mtu kazi yangu.

Kuanzia hapo sifuatilii tena saa. Modeli yangu, yaani hesabu zinazokadiria upepo juu ya kilima, huaminika kwenye miteremko ya wastani. Ikizidi takriban nyuzi 17, upepo huachana na ardhi nyuma ya kilima, ukajizungusha, na modeli ikatoa kasi kubwa mno kileleni. Upande wa kaskazini ni genge tupu. Narudia hesabu hadi macho yanauma, kisha, giza likiwa limeshaingia, naandika kwenye ripoti kwamba matokeo ya upande huo yasitumike mpaka tusimike mlingoti palepale.