Tulimwacha Ashley Virmire, mara mbili

Waliokuwepo Unguja ile miezi mitatu hawahitaji kuelezwa. Umeme wa kutoka bara ulikatika Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010, maji hayapandi, samaki wanaharibika kwenye mafriji, na Ng'ambo nzima majenereta yananguruma mpaka ukitaka kumsalimia jirani inabidi upige kelele. Kila mtu ana lake la kuhadithia la siku zile. Langu mie ni ugomvi, tena ugomvi juu ya mwanamke ambaye hayupo duniani, ni mtu wa kwenye gemu, anaitwa Ashley Williams.

Binamu yangu alikuwa na kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua pale Mwembetanga. Mchana anafanya kazi za watu kwa kijenereta kidogo kile cha kuvuta kamba, usiku baada ya Isha tunakusanyika vijana watano sita, tunachanga jero jero, tunanunua petroli inatiwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, na hiyo chupa ndo saa yetu. Ikimalizika na sisi tumemaliza. Milango tunaifunga kwa ajili ya mbu, joto lake usiseme, harufu ya petroli mpaka kwenye nguo, na mwanga ni wa skrini tu. Wakati mwingine nikikaa karibu na jenereta hata leo nahisi nipo pale.

Gemu lenyewe ni Mass Effect, la kwanza kabisa, limetengenezwa na BioWare wa Canada, lilitoka 2007 na kwenye kompyuta likaja 2008. CD alileta mwenzetu mmoja, kapewa na ami yake wa Muscat. Wewe unakuwa Kamanda Shepard, una meli yako ya angani inaitwa Normandy, unakusanya watu wako, binadamu na viumbe wa sayari nyengine, mnamsaka msaliti anaitwa Saren. Kupiga risasi kupo lakini gemu lile zaidi ni mazungumzo. Unaongea na watu, unachagua jibu, na jibu lako linakuja kukurudia baadae.

Na mazungumzo yote Kiingereza. Kwa hivyo mkalimani nikawa mie, mana nlikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Shangani na Kiingereza changu kilikuwa kinatosha. Mausi kashika Mpemba, tulimwita hivyo tu, mtu wa Wete, kaja mjini kutafuta maisha, anakaa kwa shangazi yake, anauza nguo Darajani. Alikuwa na mkono mzuri wa shabaha kuliko sote. Basi mtu anasema kwenye skrini, mie natafsiri, wao wanapiga kelele jibu gani lichaguliwe, Mpemba anabonyeza.

Mpemba alimpenda Wrex. Wrex ni krogan, jitu kubwa, mgongo kama kobe, na watu wake wametiwa maradhi makusudi na viumbe wa sayari nyengine, salarian ndo walioyatengeneza na turian ndo walioyamwaga, hata watoto wao karibu wote wanazaliwa maiti. Nilipotafsiri hayo kibanda kizima kilinyamaza, jenereta peke yake ndo linasikika. Toka siku ile kila tukirudi kwenye meli Mpemba lazima ateremke chini kumuona Wrex.

Hapo ndo pa kuangalia. Ile meli ina lifti ya kushuka chini, na lifti ile wallahi ni ya polepole, inashuka, inashuka, na petroli inaungua. Wenzetu wanapiga kelele jamani twendeni vitani. Tukifika chini tunaongea na Wrex tunapanda. Na Ashley, mwanajeshi binadamu wa kikosi chetu, kasimama pale pale chini, hatua chache, kwenye meza ya bunduki, anasubiri. Mazungumzo yake yanakuja kwa zamu, ukimaliza misheni unamfuata ana jengine la kusema. Sisi tulimfuata mara ya kwanza, na ile mara ya kwanza ndo ilotuharibia.

Anaulizwa na Shepard kwa nini hawaamini hawa viumbe wengine. Anajibu kwamba anataka washirikiane nao, lakini binadamu wasiwategemee, mana siku ikifika Baraza lao, yani wale wakubwa wao wanaotawala, limebanwa, watatuacha. Kisha anatoa mfano. Anasema ukipambana na dubu na njia ya kuokoka ni moja tu, umwachie mbwa wako apigane naye wewe ukimbie, utafanya hivyo, hata umpende vipi mbwa wako, yeye si binadamu.

Dubu mie nikamfanya chui, mana dubu hapa nani kamuona, chui ndo mnyama tunayemjua Unguja. Hapo sikukosea. Kosa langu ni jengine. Maneno ya mbele, yale ya Baraza kutuacha, niliyapita haraka, nikafika kwenye mbwa. Na neno mbwa ukilitia kwenye kibanda chenye vijana wa Kizanzibari halikai kimya. Kabla sijamaliza Mpemba keshageuka, "Kamwita Wrex mbwa!" Na wote wakadaka hapo hapo. Nlitaka kusema ngojeni, msikilize vizuri, katika mfano ule mbwa ni sisi, ni binadamu ndo wanaoachwa kwa chui, hao Baraza ndo wenye mbwa. Nikafungua mdomo, mtu akasema petroli jamani petroli, nikaufunga.

Baada ya pale Ashley kwenye kibanda chetu akawa keshahukumiwa. Na siwezi kusema Mpemba hakuwa na hoja. Pale Citadel, ule mji mkubwa wa angani, Ashley alisema hajui yupi mgeni yupi mnyama, maneno mabaya, nliyatafsiri na sikuyapunguza. Mtu akishasikia hilo na lile la mbwa, umwambie nini tena.

Kisha tukafika Virmire.

Virmire ni sayari ya ufukwe, maji, minazi hakuna lakini kidogo inafanana na kwetu. Saren kajenga maabara pale, kapata dawa ya maradhi ya krogan, na Shepard kaja kuilipua. Wrex anasikia, anakasirika, anataka dawa ya watu wake isiunguzwe, anamwelekezea Shepard bunduki. Ili umtulize lazima uwe umeweka pointi kwenye maneno, kwenye kushawishi watu, au uwe umeshamtafutia deraya ya ukoo wake. Deraya hatukuitafuta, tuliambiwa tunapoteza petroli. Pointi zetu zote tulizitia kwenye bunduki. Mpemba anabonyeza hichi, anabonyeza kile, maneno mazuri hayabonyezeki. Na risasi ikatoka nyuma. Ashley ndo aliyempiga.

Nnamkumbuka Mpemba alivyoondoa mkono kwenye mausi akauweka kwenye paja. Hakusema kitu. Binamu yangu ndo aliyeshika mausi mpaka sevu inayofuata, yani pale gemu linapohifadhiwa ili ukizima uendelee hapo.

Mbele kidogo gemu linakuchagulisha. Ashley tulimpeleka na kikosi cha salarian, Kaidan Alenko, mwanajeshi mwengine wa meli yetu, yuko kwenye bomu, wote wawili wamezingirwa, wa kumuokoa ni mmoja. Kaidan ni kijana mpole, hajamkera mtu, na wallahi hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anamzungumzia. Lakini pale ilikuwa si kumchagua Kaidan. Mpemba akarudi kwenye kiti, akasema "Hapa sina haja ya tafsiri", akabonyeza Kaidan. Ashley hakulalamika kwenye redio. Tunapambana na Saren, jenereta likakohoa mara mbili, kimya, giza.

Sevu yetu ilikuwa kabla ya kuchagua. Yani mambo yote yale itabidi yarudiwe, isipokuwa Wrex, yeye alishakufa nyuma ya sevu.

Kwa hivyo tulikuwa na siku nzima ya kugombana. Tulianzia barazani asubuhi na kahawa, nikaendelea nayo hotelini kichwani, jioni tena barazani. Mie namtetea, nasema ameandikwa vizuri huyu, mtu mwenye woga wake na kauli zake, si sanamu la kukubaliana na Shepard kila kitu. Mpemba anasema mtu akiandikwa vizuri ndo umsamehe kauwa? Nikamwambia kumpenda mtu wa kwenye hadithi si lazima umwone mwema. Akasema yeye anajua watu wa namna ile, anawaona kila siku, wanakutazama usoni wanakwisha kukujua wewe nani kabla hujafungua mdomo, hana haja ya kwenda angani kuwatafuta. Sauti zikapanda mpaka mzee muuza kahawa akaweka birika chini akauliza nani kafa, anakafiniwa wapi, watu waende mazikoni. Tukamwambia hakuna aliyekufa, mzee. Hakuridhika.

Na mie nlikuwa na lile la mbwa mfukoni. Ningeweza kulisema. Lakini ugomvi ukishakuwa wa mtu na mtu hoja yako unaificha au unaitupa kama jiwe, mie niliitupa kama jiwe, nikamwambia wewe hukufahamu kwa sababu Kiingereza hujui. Mbele za watu. Basi ikaisha hapo, hakunijibu. Usiku akaja akakaa kwenye kiti, tukafika pahala pale pale, akabonyeza Kaidan tena. Sikutafsiri, hakuniomba.

Huko duniani mwezi huo huo wa Januari 2010 watu wanafungua Mass Effect ya pili. Sisi ya kwanza tuliimaliza bila ya Wrex na bila ya Ashley, na baada ya hapo Mpemba akapunguza kuja.

Umeme uliporudi Machi, mitaa yote watu wanapiga makelele ya furaha, mie nilikwenda kibandani peke yangu nikaanza gemu upya. Hakuna chupa, hakuna wa kunihimiza. Kila nikirudi kwenye meli nashuka na ile lifti, nasubiri, namwendea Ashley kwenye meza yake ya bunduki. Ndo nikayasikia ambayo hatukuyasikia. Kwamba anamuamini Mungu na anamuuliza Shepard kama hilo linamkera. Kwamba ana wadogo zake watatu, wote wanawake. Na kwamba babu yake ni yule Jenerali Williams aliyekuwa mkuu wa kambi ya Shanxi, vita vya kwanza vya binadamu na turian, wakazingirwa, wakapigwa mabomu kutoka juu, akasalimu amri. Kamanda wa binadamu wa kwanza kusalimu amri kwa viumbe wengine. Basi toka hapo jina la Williams likawa doa jeshini. Baba yake katumikia umri wake wote hakupandishwa cheo cha maana. Yeye mwenyewe alama zake nzuri lakini anapangwa vituo vya nyuma nyuma, ulinzi wa mashamba, kwa sababu ya babu.

Nikazima skrini nikakaa.

Mana Mpemba alishanihadithia, mie, kwa mdomo wake, usiku mmoja tumekaa nje tunasubiri jenereta lipoe, kuhusu baba yake. Baba yake alifaulu skuli, jina likatoka kwenye orodha ya kwenda kusoma nje, kisha likaondolewa, na aliyemwita pembeni kumueleza hakumtaja yeye hata kidogo, alimtaja babu yake na upande aliokuwa nao babu yake zamani. Baba yake akarudi shamba, karafuu, mpaka leo. Kwetu hapa nani asiyelijua hilo swali, wewe mtoto wa nani, babu yako nani. Na hadithi ile ile ilikuwa pale chini ya meli, hatua chache kutoka kwa Wrex, na mie ndo niliyekuwa na ufunguo wa lugha nikauweka mfukoni.

Waandishi nao nawalaumu hadi leo. Jambo zito kama lile huliweki pahala ambapo mtu mwenye haraka hatalipata, huku kauli zake mbaya umeziweka njiani kila mtu azisikie. Na walivyomfanya baadae ndo kabisa, kwenye ya pili wamempa dakika chache tu kwenye sayari ya Horizon agombane na Shepard basi, kwenye ya tatu, 2012, wamemfumua nywele wamempaka wanja kama anakwenda harusini. Lakini katika hiyo ya tatu Dunia inashambuliwa, Shepard anakwenda kuomba msaada, na Baraza linamwambia kila mmoja ana mipaka yake ya kulinda. Chui kaja, na mbwa ni nani ikaonekana.

Nilimfuata Mpemba Darajani, mchana, kapanga mashati yake kwenye henga. Nikamuomba radhi kwanza kwa lile la Kiingereza. Kisha nikamhadithia yote, nimesimama, wateja wanapita katikati yetu, babu, Shanxi, baba, vituo vya nyuma nyuma, na mfano wa mbwa kutoka mwanzo wake. Alikuwa anakunja shati moja, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Akasema, "Kwa hivyo tulimhukumu kwa maneno yako."

Nikasema ndio.

"Na Wrex kampiga risasi vile vile."

Nikasema vile vile.

Usiku ule alikuja kibandani na mkate wa ufuta kautia kwenye gazeti. Taa inawaka, feni inazunguka, milango wazi. Akakaa kwenye kiti, akafuta sevu zetu zote moja moja, akaanza gemu jipya. Eden Prime, sayari ya mwanzo wa gemu, mbingu nyekundu, Ashley anatokea anakimbia, anafukuzwa na mashine zinaruka, anaanguka chali anazipiga risasi akiwa chini, kikosi chake chote kimeshauliwa. Akasimama akaanza kusema na Shepard.

Mpemba akasimamisha gemu. "Hapo, kasema nini? Usiruke hata neno."