Nilivyoingia kwenye utafiti wa nyutrino bila maabara

Nilipomaliza shahada ya kwanza ya fizikia nilitaka kusomea nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji ya umeme, lakini karibu kila niliyemwomba ushauri alinielekeza kwingine: soma nishati ya jua, soma fizikia ya tiba, huko ndiko kwenye ajira. Mhadhiri mmoja alinikatisha kabisa: "Nyutrino si za kwetu, kijana wangu. Zinataka mitambo ya mabilioni." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Nyutrino za kwanza za asili kunaswa zilinaswa Afrika hapahapa, mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi. Kazi hiyo waliifanya Frederick Reines kutoka Marekani na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand pamoja na wenzao. Si za kwetu kivipi?

Nikaanza na myuoni, chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi. Miale ya anga za mbali ikigonga hewa ya juu huzaa nyutrino na myuoni kwa pamoja. Nyutrino karibu zote hupenya dunia nzima bila kugusa kitu. Lakini myuoni ikipita kwenye plastiki maalumu huacha mwanga kidogo. Nazo zinatunyeshea usiku na mchana, kama moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Ndizo zinazowakimbiza watu wa nyutrino migodini, ambako miamba huzizuia zisifunike nyutrino chache zinazotafutwa, kwa hiyo kuzijua ni kuijua nusu ya kazi.

Michoro ya kifaa cha kuhesabu myuoni ilitolewa bure na wanafizikia wa MIT, chuo kikuu cha Marekani. Ukishapata plastiki, kihisio cha silikoni cha kuuona mwanga ule na Arduino, yaani kibao kidogo cha kielektroniki cha kuhesabia, kuunganisha si kazi. Gharama ilikuwa laki kadhaa za Tanzania, na sehemu kubwa ikaliwa na usafirishaji na ushuru.

Tatizo likawa kwamba kifaa kilihesabu kila kitu, hata mionzi midogo inayotoka kwenye kuta za nyumba. Nikatengeneza cha pili, nikavipanga kimoja juu ya kingine, na kuhesabu pale tu vyote viwili vinapoitikia kwa wakati mmoja. Hesabu iliporomoka, zikabaki myuoni. Nikavilaza viwili vile nyuzi 60 kutoka wima: hesabu ikashuka hadi karibu robo, sawasawa na nadharia. Nililia kwa furaha. Kisha nikapanda basi kwenda Marangu nikiwa nimelipakata boksi, maana konda alitaka kulitupa kwenye buti. Kule juu, kwenye hewa nyembamba, myuoni ziliongezeka waziwazi.

Barua zangu za kuomba nafasi ya uzamivu zilikuwa hazijibiwi. Nikafuta habari zote za ndoto zangu, nikaweka grafu ya Marangu pamoja na kiwango cha shaka cha kila kipimo. Profesa mmoja Marekani akajibu kwa swali moja: unajuaje kwamba vifaa havikuitikia pamoja kwa bahati tu? Nilikuwa nimeshapima! Niliviweka kila kimoja pembe yake ya chumba na kuhesabu mara ambazo bado viliitikia pamoja. Zilikuwa chache mno. Ndugu zangu mnaoandika maombi, tumeni kipimo. Na lugha ya kompyuta ya Python mjifunze mapema, C++ itafuata.

Nafasi nikaipata, nikaangukia NOvA, jaribio la nyutrino la huko Marekani. Nyutrino zinarushwa kutoka Fermilab, maabara iliyo karibu na Chicago, hadi Ash River, Minnesota, kilomita 810. Kitambuzi cha kule kina tani 14,000 na kiko juu ya ardhi, kikipigwa na myuoni zaidi ya laki moja kila sekunde. Tunaponaje? Kwa saa. Nyutrino hutumwa kwa mafungu ya mikrosekunde 10 tu, kila baada ya sekunde moja na kitu, nasi tunachagua dirisha hilo. Ni mbinu ileile ya chumbani kwangu, na niliizoea haraka kuliko wenzangu waliotoka vyuo vyenye maabara kubwa.

Sasa niko DUNE, jaribio jipya la nyutrino litakalotumia agoni (gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika) kilomita moja na nusu chini ya ardhi huko Lead, South Dakota, kwenye mgodi wa zamani wa Homestake ambako Ray Davis alianza kupima nyutrino za Jua miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Antananarivo, Madagaska, nacho kimo. Anayetaka kuanza leo, data za IceCube, kitambuzi cha nyutrino kilicho ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini, na za CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, ziko wazi mtandaoni, na Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyofika Kigali mwaka 2016, hugharimia wanafunzi inaowachagua.