Kebo isiyo na kosa

Jumapili mdogo wangu kanitumia picha ya skrini ya VM yake (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), tena kaipiga na simu, mwanga wa taa umemeza nusu ya maandishi, chini kaandika: "bro ruta yetu imekufa, nimeizima nikaiwasha mara tatu VM bado haipati IP."

Nikaikuza ile picha. Kadi ya mtandao ya kwanza, enp0s3, iko poa kabisa, ina IP yake, yaani anwani ya mtandao, 10.0.2.15, ndo ile VirtualBox, programu inayoendesha hizo VM, huwa inatoa ukiwa umeacha NAT, yaani VM inatoka nje kupitia kompyuta iliyoibeba. Tatizo ni enp0s8, kadi ya pili aliyoiongeza juzi, imekaa DOWN, haina anwani, haina chochote. Sasa ruta inaingiaje hapo? Hiyo 10.0.2.15 yenyewe wala haitoki kwenye ruta, VirtualBox inaigawa humo humo ndani.

Nikaanza kumwandikia "wewe nawe kwa kusingizia vitu," nikafika katikati nikafuta, kwa sababu nilimkumbuka mzee mmoja wa network niliyefanya naye kazi.

2013 hiyo, enzi za CentOS 6, Linux ya seva. Ofisi niliyokuwa nafanya kazi wakati huo nishailalamikia humu vya kutosha. Bosi alitaka seva ya majaribio iwe tayari kesho yake, mimi kwa ujanja wangu badala ya kuinstoli upya nikakopi VM iliyokuwa inafanya kazi vizuri, nikachagua ipewe MAC mpya (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) maana nilishajua mashine mbili zenye MAC moja kwenye mtandao mmoja ni vita, nikaiweka bridge, yaani iingie moja kwa moja kwenye mtandao wa ofisi, ili iombe IP kwenye DHCP (inayogawa IP) ya ofisi kama kompyuta nyingine yoyote, nikawasha, nikaenda kunyoosha miguu. Dakika kumi tu nimemaliza kazi ya siku nzima, yaani najiona fundi.

Narudi nakuta FAILED nyekundu. Eti eth0, kadi ya kwanza ya mtandao, haipo. Nikapiga ifconfig, komandi ya kuonyesha kadi za mtandao, ikaleta lo peke yake na 127.0.0.1 yake, yaani mashine inajisemesha yenyewe. Service network restart, FAILED. Tena, FAILED. Nadhani niliirudia mara kumi na tano, ukishachoka unaamini komandi ile ile itakuonea huruma.

Basi nikainuka nikaenda kwa mzee. "Shikamoo mzee, DHCP yako leo haitoi IP."

Angalia nilivyosema. Sikusema VM yangu haipati IP. Nilisema DHCP yako.

Alikuwa anajiandaa kuondoka, begi liko begani. Akaliweka chini. Tukaingia kwenye kile chumba cha swichi za mtandao, akapiga magoti na kitochi mdomoni, akafuata kebo yangu kwa vidole kutoka kwenye rundo la kebo ambazo zote ni za bluu, akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Taa ya pale kwenye swichi ikawaka kijani, kama ilivyokuwa inawaka tangu mwanzo. Akanihamishia poti nyingine. Bado. Akatoa kebo mpya, akabadilisha. Bado. Tukarudi mezani kwake, akafungua logi ya DHCP, akawa anashuka nayo taratibu kidole kikiwa kwenye kioo, halafu akasema neno ambalo ningekuwa na akili siku hiyo lingenitosha.

"Bwana mdogo, hii mashine yako sijainyima. Haijabisha hodi hata mara moja."

Maana yake ombi halijatoka kabisa. Asiyebisha hodi ni wa ndani, shida iko huko huko kwako. Mimi nikamjibu nini? "Labda swichi, mzee."

Na akarudi kuiangalia swichi! Akapiga magoti tena. Alipomaliza akaichukua ile kebo ya zamani, akatoa mkasi, akakata kichwa chake cha plastiki, tak, ili mtu mwingine asije akaiokota akasumbuka nayo. Kile kipande kikadondoka karibu na kiatu changu. Akaniaga, akaondoka, giza lishaingia.

Ilikuwa saa nne kasoro usiku nilipokumbuka kuongeza -a baada ya ifconfig, ionyeshe hata kadi zilizozimwa. Ikatokea eth1. Kadi ipo, tena nzima, ila imebadilishwa jina! Nikafungua /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules, faili linalokumbuka majina ya kadi, nikakuta mistari miwili: wa kwanza una MAC ya VM ya zamani, umeandikwa eth0, wa pili una MAC yangu mpya, eth1. Nilipokopi diski nilikopi na kumbukumbu zake, kwa hiyo mashine ilikuwa bado inamtunzia kiti mtu ambaye humo ndani hayupo na wala hatakuja, na mgeni aliyekuja kweli ikamweka kiti cha pili. Halafu ifcfg-eth0, faili la mipangilio ya eth0, nayo ina HWADDR, yaani MAC, ile ile ya zamani. Nikafuta mstari wa kwanza, wa pili nikaubadilisha jina uwe eth0, nikarekebisha HWADDR, nikawasha upya. IP ikaja hata sijakaa vizuri.

(Siku hizi ndo maana kuna majina kama enp0s3, basi (bus) namba 0, sloti namba 3, kadi inaitwa kwa mahali ilipochomekwa. Systemd, programu inayoendesha huduma za Linux, ilileta hayo mwaka huo huo wa 2013. Watu wanayachukia eti yanachosha kuandika, mimi siwezi kuyasema vibaya.)

Asubuhi mzee akapita mezani kwangu. "Naona imekubali. Ilikuwa ile kebo eh?"

Kulikuwa na nafasi pale, ya kama sekunde mbili hivi.

"Itakuwa hiyo, mzee."

Akatikisa kichwa, karidhika, akaenda zake. Tulikaa ofisi moja miaka miwili mingine na sikuwahi kurudia hiyo habari, na kuna siku nilimsikia akimfundisha kijana mgeni kwamba kebo inaweza kuwa na taa ya kijani na bado ikawa mbovu, alishaona kwa macho yake. Nikajifanya nasoma kitu.

Mdogo wangu nikamwambia afungue faili lake la mipangilio ya mtandao kule /etc/netplan, ataona enp0s3 peke yake ndo imeandikwa, hiyo nyingine kaiongeza baada ya kuinstoli kwa hiyo hakuna aliyeiambia ifanye nini. Aongeze enp0s8, dhcp4: true, nafasi zipangane vizuri maana YAML, mtindo wa kuandika hilo faili, haina utani, halafu sudo netplan apply. Dakika tano nyingi. Akarudi na 192.168.56.101 na emoji za moto.

"Kwa hiyo sio ruta?"

"Sio ruta."

"Duh. Na mama nishamwambia ruta imekufa."

"Kamwambie basi kwamba ni nzima."

Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Poa, ntamwambia kesho."