Tukizunguka Juu ya Minnetonka

Kiangazi kile nilikuwa najifunza urubani Flying Cloud, kiwanja kidogo pembezoni mwa Minneapolis, ada nikiilipa kwa zamu za usiku. Siku hiyo mwalimu alitaka tukatize anga ya jiji, yaani tuingie Bravo.

Wamarekani wameigawa anga yao kwa herufi, A mpaka G, ila F hawaitumii. Bravo, yaani B, ni ile ya viwanja vikubwa. Kwenye ramani iliyokuwa pajani kwangu ilichorwa kwa mistari minene ya buluu, kila tabaka na namba zake mbili: ya juu 100, maana yake kikomo ni futi 10,000, na ya chini ni kimo inapoanzia. Ukisogelea kiwanja kikubwa, sakafu inashuka hadi inafika ardhini.

Juu ya Ziwa Minnetonka nikawaita redioni waongozaji wa ndege wa Minneapolis. Akajibu mama mmoja, kasi ya mnadani, akataja namba ya ndege yetu, akanipa tarakimu nne za transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, akasema ametuona. Nikailaza ndege kushoto, nikaanza kuzunguka.

“Mbona huendi? Si amekujibu?” mwalimu akauliza, uso mkavu.

“Amenijibu, hajaniruhusu.”

Akanyamaza. Mzee huyu alianza kuruka kabla ya 1993, herufi hizi zilipoingia, na hakuchoka kunisimulia ya San Diego, 1978: Boeing 727 iliyoiparamia Cessna kama yetu kwa nyuma, rubani akidhani ameshaipita. Walikufa watu 144. Marubani wa ndege zote mbili walikuwa wakiongea na waongozaji.

Mama akarudi hewani: tumeruhusiwa kuingia Bravo. Nikamrudishia maneno yake yote. Maghorofa ya jiji yakapita kulia kwetu, na mbali kidogo ndege za abiria zikishuka moja nyuma ya nyingine.

Wakati wa kurudi tuliingia Delta, yaani D: anga ya viwanja vidogo vyenye mnara wa kuongozea ndege, kama Flying Cloud. Mnara ulikuwa umeelemewa. Nikajibiwa namba yetu na “subiri” tu. Nikaingia moja kwa moja.

“Na huyu amekuruhusu?”

“Ametaja namba yetu. Kwa Delta inatosha.”

“Angesema ‘ndege inayoita, subiri’?”

“Tungekuwa bado nje tunazunguka.”

“Haya, punguza mwendo. Kiwanja kile pale.”