Mjakazi hayumo

Novemba hiyo nilikuwa mwanafunzi Uingereza, na siku moja nikapanda basi hadi Oxford kwa ajili ya sanduku la barua. Lipo mpaka leo, jekundu, mbele ya nyumba namba 78, Banbury Road. Posta ililiweka pale kwa ajili ya James Murray, mhariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza, kwa wingi wa barua zake.

Kazi yake aliifanyia bustanini, kwenye banda la mabati. Wakati wa baridi alikaa na koti, miguu kaitia ndani ya boksi. Wasomaji wa kujitolea walimtumia vikaratasi, kila kimoja na neno lake na sentensi iliyonukuliwa kitabuni, hadi vikapita milioni tano. Wanawe walipata vijisenti kwa kuvipanga. Wazo la kamusi lilitolewa 1857; kitabu kikakamilika 1928, Murray mwenyewe ameshafariki tangu 1915.

Haya yote nilikuwa nayajua. Kilichonipeleka ni neno moja, bondmaid. Kwetu ni mjakazi. Vikaratasi vyake vilipotea, na vilipoonekana, kitabu kilikuwa kimeshachapwa.

Mchana nikaingia maktaba, nikaomba juzuu ya kwanza, ya 1888. Kurasa zake zilikuwa nzito, maandishi madogo, safu tatu kila ukurasa. Nikateremka na kidole taratibu. Bondman yumo, mtwana yuko mahali pake na nukuu zake. Nikapanda juu, nikashuka tena. Mjakazi hayumo. Aliingizwa kwenye nyongeza ya 1933.

Nilibaki na kidole pale pale, machozi yananilenga. Mwaka 1888 Unguja utumwa ulikuwa bado halali, haukufutwa mpaka 1897, na bibi yake bibi yangu alikuwa mjakazi kwenye shamba la karafuu. Nyumbani kwetu hilo halitajwi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulisema neno hilo jikoni, bila kujua uzito wake. Bibi aliweka mbuzi ya nazi chini, akanitazama, kisha akaendelea kukuna. Mpaka anafariki hatukulizungumza.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Yule bibi yake bibi, wa shambani, jina lake nani?"

"Marahaba. Nani kakwambia uulize hayo?"

"Hakuna mtu. Nataka kumwandika."

Akanyamaza muda mrefu. Nilisikia feni inazunguka chumbani kwake, na mtu anauza mkate wa mofa barabarani.

"Zafarani," akasema. "Hilo walimpa wenyewe shamba. La kwao alikotoka, bibi yako alinitajia mara moja tu, nami sikulishika. Nisamehe mwanangu."

Nilichana nusu karatasi kwenye daftari, nikaandika Zafarani juu kushoto. Chini yake nikaacha mstari mtupu.