Mikanda yangu haiingii tena kwenye mashine

Mwaka 2019 niliondoka Nungwi na mikanda minne ya HP5, filamu za kamera za nyeusi na nyeupe, yote picha za babu akitia kalafati jahazi. Pamba iliyoloa mafuta anaisokomeza kati ya mbao mbili kwa kichuma bapa, kisha nyundo inafuata, taratibu, bila kukosea. Mikanda hiyo nikaiviringishia soksi, nikaitia kwenye begi kubwa, lile linaloingia tumboni mwa ndege. Niliamini huko ndiko salama.

Nilipofika Uingereza nikaisafisha mwenyewe bafuni. Naufungua wa kwanza, naona mchirizi mweusi, upana kama sentimita moja, unapanda na kushuka kama wimbi kutoka fremu hadi fremu. Kwenye picha unageuka ukungu mweupe, na umepita juu ya mikono ya babu. Yote minne, hivyo hivyo. Nilikaa chini pale pale bafuni.

Mashine za kukagulia mizigo mikubwa zina mionzi mikali, na mkanda ambao haujasafishwa hupokea mionzi kama unavyopokea mwanga. Ukishasafishwa, hauna tena cha kuogopa. Kwa hiyo mikanda nasafiri nayo mkononi, siku zote. Lakini hata mkononi uwe macho. Kwenye eksirei za zamani, mkanda wa ISO 400 (kipimo cha kasi ya mkanda kupokea mwanga) ukipita mara moja au mbili hutaona tofauti, ila mionzi hujikusanya, na huku kwetu unaweza kukaguliwa mlangoni kisha tena kabla ya kupanda ndege. Ukiunganisha ndege, ongeza. Mashine mpya za CT, zinazopiga mzigo eksirei kutoka pande zote, ambazo nyingi zinakuruhusu kuacha kompyuta ndani ya begi, ndizo balaa: kupita mara moja tu kunaweza kuharibu mkanda, hata ule wa kasi ndogo. Kodak na Ilford, watengenezaji wa filamu, wote wanaonya.

Mifuko ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, siitumii. Afisa akiona doa jeusi kwenye skrini, begi litafunguliwa tu.

Siku hizi natoa mikanda kwenye maboksi yake, naipanga kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, nafika mapema, na naomba kabla sijaweka chochote kwenye trei. Mwaka jana pale Zanzibar nilimkuta dada mmoja.

“Habari za kazi, dada. Hizi ni filamu za kamera, bado hazijasafishwa. Naomba unikagulie kwa mkono, mionzi inaziunguza.”

“Kumbe bado zipo hizi? Marehemu baba alikuwa nazo kabatini.”

Akazitoa moja moja, akaitikisa kila moja karibu na sikio, akairudisha mfukoni kwa vidole viwili kama mtu anayepanga mayai. Zilikuwa kumi na moja. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na hakunifokea wala kuniharakisha. Mungu ambariki.

Zote zimetoka safi. Ila babu hashiki tena nyundo. Nimempiga picha amekaa juu ya gogo, fimbo mkononi, anamwonyesha binamu yangu pamba iingie wapi.